Mazingaombwe ya mikono hapa Dodoma: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila Jumamosi jua likishapoa tunakaa barazani kwangu Ipagala, vijana kati ya sita na kumi na wawili, kila mmoja na sarafu yake. Wapo wa Nzuguni na wa Chang'ombe, na mmoja hupanda daladala mbili kutoka Kikuyu. Maswali haya ni yao, ya wazazi wao, ya majirani, na ya watu wanaonipigia simu usiku wakidhani mimi ni mganga. Mengine nimeyajibu kirefu kwa sababu yananikera au yananifurahisha. Mengine hayahitaji zaidi ya mstari mmoja.

Huu si uchawi kweli?

Si uchawi. Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha: uchawi ni kitu kimoja, mazingaombwe ni kingine, na kiini macho ni kile jicho lako linachofanyiwa hadi ukaona kisichokuwepo. Anayejiita mchawi anataka uondoke ukiamini ana nguvu. Mimi nakuambia kabla sijaanza kwamba nitakudanganya, halafu nakudanganya, halafu nakurudishia mia mbili yako.

Mabishano haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1584, Uingereza ilipokuwa inawanyonga watu kwa tuhuma za uchawi, bwana mmoja aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu cha kupinga ujinga huo. Ndani yake akaeleza jinsi wacheza viini macho wanavyopoteza sarafu, wanavyobadilisha karata na wanavyojichoma kisu bila kuumia. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama mtu wa sokoni anaweza kufanya haya kwa vidole, kwa nini mnamnyonga bibi kizee? Kitabu hicho ni kati ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza kufafanua fani hii, na kiliandikwa ili kuokoa watu. Nawasimulia vijana kisa hiki siku ya kwanza, kabla hawajashika sarafu.

Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 80 na 90 tunamkumbuka yule bwana mwenye suti iliyopauka. Alikuja shuleni, tukatoa vishilingi vyetu, akatafuna viwembe, akavuta utepe mdomoni usioisha, akageuza karatasi kuwa noti. Wenzangu walirudi nyumbani wakiogopa. Mimi nilirudi na swali: kama anatengeneza noti, kiingilio cha nini?

Sheria inaruhusu?

Tunayo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa tangu 1928, enzi za mkoloni. Inambana mtu anayejinadi kwa maneno au vitendo kwamba ana nguvu za kichawi. Kwa hiyo namna unavyojitambulisha si jambo dogo. Ukisimama mbele ya watu useme "huu ni mchezo wa mikono," umeeleweka. Ukisema "nimerithishwa na babu, leteni majina ya adui zenu," hapo umejiingiza pabaya, na mimi sikujui. Ukitaka kuonyesha mtaani, pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze unachofanya. Mara nyingi ataomba aone kimoja. Muonyeshe.

Na dini?

Muulize kiongozi wako, si mimi. Wapo masheikh wanaokataza hata kiini macho cha mchezo, na wapo wanaoona tatizo ni kudai nguvu zisizokuwepo. Makanisani ni hivyo hivyo. Mzazi akija kuniambia hataki, simshawishi. Kijana anabaki tunakunywa chai, anaenda zake.

Naanzia wapi?

Anza na sarafu moja ya 500. Ndiyo kubwa kuliko zote tulizonazo mfukoni, ina uzito, na ikigonga sakafu kila mtu anasikia. Hilo la mwisho ni faida: sarafu ni mwalimu asiyenyamaza, ukikosea inakusema.

Ilaze kwenye vidole vya mkono wa kulia, pale vinapoungana na kiganja, ikikalia kidole cha kati na cha pete. Kunja vidole kidogo tu, kama mtu aliyesimama anasubiri daladala. Sarafu imebanwa. Sasa teremsha mkono ubavuni, tembea, shika mlango, jikune kichwa, msalimie jirani. Hapo bado hujafanya mchezo wowote, unauzoesha tu mkono kubeba kitu huku ukionekana mtupu. Wiki nzima iwe hiyo.

Wiki ya pili ndiyo tunaingia kwenye kupoteza. Mkono wa kushoto uko wazi mbele yako, kiganja juu. Wa kulia unakuja juu yake na kupinduka kama unaomwaga sarafu. Vidole vya kushoto vinafunga. Sarafu haijaondoka, imebanwa kulia, na mkono wa kulia unashuka taratibu. Kila mtu anaweza kujifunza hatua hizo kwa dakika kumi. Na kila mtu, nasema kila mtu, atazifanya vibaya.

Sababu ni kwamba anaifanyia mazoezi hatua ya uongo tu. Ninachowaambia ni hiki: kwanza mwaga sarafu kweli. Mara hamsini. Iweke kweli mkono wa kushoto, ufunge, uangalie. Kuna kauzito kanakoingia kiganjani na mkono unashuka kidogo. Dole gumba la kulia linafunguka baada ya kuachia, macho yanahama, na bega nalo linalegea. Ukishajua mwili wako unafanyaje unaposema kweli, ndipo uongo wako utafanana nao. Mara moja ya uongo kwa kila mara tano za kweli, na mtu aliyekaa mbele yako asiweze kutaja ipi ni ipi. Hilo ndilo somo langu lote. Mengine ni mapambo.

Halafu usiufungue mkono wa kushoto haraka! Vijana wana papara. Subiri. Sugua vidole polepole, kama anayeponda chumvi. Sarafu "ilipotea" sekunde tano zilizopita, lakini mtazamaji lazima aamini inapotea sasa.

Nifanye mazoezi kiasi gani kwa siku?

Dakika kumi na tano, kila siku. Saa mbili za Jumapili peke yake hazikusaidii. Vidole vinajifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea, kidogo kidogo na bila kupewa hotuba.

Kioo ni kizuri lakini kina ila moja. Wengi wetu tunapofika kwenye tendo la siri tunafumba macho, kufumba na kufumbua, na kwenye kioo huwezi kujiona umefumba. Simu inakuona. Jirekodi, kisha tazama bila sauti. Kijana mmoja aligundua kwamba mbali na kufumba macho alikuwa anatoa na ulimi kidogo pembeni, kila mara, kama fundi anayepitisha uzi kwenye sindano. Miezi miwili tulikuwa tunajua sarafu iko wapi kwa kumtazama mdomo.

Kwenye daladala pia unaweza, ila kwa tahadhari. Mimi niliwahi kuiangusha mia tano kwenye gari la Nanenane kwenda mjini, na abiria wa siti tatu wakainama kunisaidia kuitafuta. Nilipoipata, mama mmoja akaniuliza kwa upole kwa nini nilikuwa nimeishika mkononi safari nzima ilhali nauli nilishalipa.

Kipupwe kikifika vidole vinakauka, vitu vinateleza. Nifanyeje?

Hili ni swali la Dodoma kabisa. Juni hadi Agosti upepo wetu mkavu unakausha ngozi mpaka inapasuka, karata hazishikiki, sarafu inachoropoka. Paka mafuta kidogo nusu saa kabla, ufute, ubaki na unyevu tu. Ukipaka dakika ileile karata zote zitakuwa na alama za vidole na vumbi litaganda juu yake. Ndiyo maana nawashauri waanze wakati wa masika, wavizoee vitu vidole vikiwa laini, na kipupwe kiwakute wamekomaa.

Karata si za kamari?

Karata ni karata. Kamari ni pesa unazoweka juu yake. Barazani kwangu hakuna anayeweka hata mia, na nikimwona anaweka anarudi kwao.

Karata za kawaida zina upana wa milimita 63. Zipo nyembamba za milimita 57, na kwa mtoto au mtu mwenye viganja vidogo hizo ndizo. Za plastiki zinadumu na zinafutika vumbi, lakini mpya huteleza mno. Nunua za karatasi ngumu, uzichange wiki nzima ukiangalia taarifa ya habari, zikishalegea ndiyo uanze kazi.

Mchezo wa kwanza ninaofundisha hauhitaji wepesi wowote wa mkono. Mpe mtu achange karata mwenyewe. Akikurudishia, unapozipanga zilingane, chungulia ya chini kabisa. Tuseme ni saba ya kopa. Mwambie achague yoyote, aitazame, airudishe juu. Mwambie akate, nusu ya chini ije juu. Saba ya kopa sasa imeikalia karata yake kichwani na yeye hajui. Anza kugeuza moja moja mezani. Ikitokea saba ya kopa, inayofuata ndiyo yake. Usisimame hapo! Igeuze, ipite, geuza nyingine tatu, uonekane umepotea kabisa. Shika ya nne bila kuigeuza, sema, "Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako." Yeye ameshaiona yake imepita, anacheka, anaita wenzake waje washuhudie. Hapo rudisha mkono mezani, ichukue karata yake, uigeuze kifudifudi. Hukudanganya. Umeigeuza.

Mchezo huo unafundisha jambo ambalo vidole havifundishi: mtazamaji anayejiona mjanja ndiye rahisi kuliko wote.

Mwanangu atafeli shule kwa haya mambo?

Mama mmoja mwalimu aliniuliza hivyo kwa sura kavu kabisa. Nilimchukulia karata 52, nikazigawa nusu kwa nusu na kuzipandanisha moja moja, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto, bila kosa hata moja, ya juu ikibaki juu na ya chini ikibaki chini. Ukirudia hivyo mara 8 kamili, karata zote 52 zinarudi zilikokuwa mwanzo. Hilo ni hesabu tupu. Sikuficha chochote. (Ilinichukua dakika kumi na tano, nilikosea mara mbili nikaanza upya. Chai yake ilipoa.)

Yupo Mmarekani, Persi Diaconis, aliyetoroka nyumbani akiwa na miaka 14 kumfuata gwiji wa karata Dai Vernon, akazunguka naye akionyesha. Baadaye akawa profesa wa hesabu, na mwaka 1992 yeye na mwenzake wakachapisha kazi inayoonyesha kwamba kuchanga karata kwa kuzigawa nusu na kuzipandanisha kwa kawaida kunahitaji mara kama 7 ili zichanganyike vya kutosha. Siwashauri watoto watoroke. Lakini yule mama sasa analeta wawili.

Kuzuga ni nini hasa? Ni kumwambia mtu "angalia kule"?

Ukimwambia aangalie kule, atakuangalia mkono. Kuzuga ni kumpa sababu yake mwenyewe ya kuangalia kwingine. Mchezaji mpira akipiga chenga, bega linaenda kushoto na beki analifuata. Hakuna aliyemwamrisha. Kwetu bega ni macho. Unapoangalia mkono wa kushoto kwa dhati, kama unaamini sarafu imo, na mtazamaji ataangalia hukohuko. Ukimwangalia usoni na kumuuliza swali, "Baba, wewe mwenyeji wa Kondoa?", ataacha mikono na kukutazama usoni ili akujibu. Hiyo sekunde moja inakutosha.

Na usidhani macho yakiwa wazi basi yanaona. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Simons na Chabris, waliwaonyesha watu video ya vijana wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Sokwe! Sasa wewe unaogopa ya 500 itaonekana.

Ninatumia mkono mmoja tu. Nije?

Njoo leo. René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia kwenye ajali ya gari akiwa na miaka tisa. Alikua akawa mmoja wa wacheza karata walioheshimiwa zaidi duniani, kwa mkono wa kushoto peke yake, mpaka alipofariki 2015. Hakukimbilia kasi. Alikuwa anarudia jambo lilelile polepole zaidi, na bado huoni. Michezo mingi ya vitabuni imetungwa kwa mikono miwili, kwa hiyo tutatunga yetu. Wa kushoto nao waje, kila ninachosema hapa wakigeuze.

Wasichana wanaruhusiwa?

Swali hili sikulitegemea, lakini limeulizwa mara nne. Ndiyo. Chama maarufu cha London, The Magic Circle, kilichoanzishwa 1905, kilikataa wanawake hadi 1991. Sisi hatuna miaka 86 ya kupoteza. Anayenishinda kwa mipira na vikombe hapa barazani ni binti wa kidato cha pili.

Mipira na vikombe ni mchezo gani, na vifaa napata wapi?

Ni mchezo mkongwe kupita yote tuliyo nayo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliutaja kwenye barua zake karibu miaka elfu mbili iliyopita, akisema udanganyifu wake haudhuru na ndiyo raha yake. Vikombe vitatu, vipira vitatu, vinapita, vinapotea, vinajikusanya chini ya kimoja.

Vikombe ni vile vya plastiki vya dukani, vitatu vinavyofanana na vinavyoingiana. Vipira usinunue. Nenda kwa fundi makochi, muombe vipande vya sponji vinavyobaki, utapewa bure au kwa pesa ya maji. Kata kwa mkasi mkali, kwanza pembe nne, kisha punguza kona, punguza tena, mpaka iwe duara ya kama sentimita tatu. Ya kwanza itafanana na kiazi. Ya sita itakubali. Sponji inabanika, kwa hiyo viwili vinaweza kushikwa kama kimoja, na ukiviweka kwenye kiganja cha mtoto akafunga, akifungua vinaruka vyote. Uso wake wakati huo ndio mshahara.

Wenzetu wa Ulaya humalizia kwa kutoa ndimu chini ya kila kikombe. Msimu wa zabibu ukifika sisi tunamalizia kwa kishada. Hii ni Dodoma, bwana.

Mnafundisha karata tatu?

Tunafundisha jinsi unavyoliwa. Yule wa stendi mwenye karata tatu juu ya boksi, nyekundu moja na nyeusi mbili, mkono wake mmoja umeshika karata mbili, moja juu ya nyingine. Unaiona nyekundu iko chini. Anapozirusha unaamini ametupa ya chini, kumbe amedondosha ya juu. Kuanzia hapo unafuatilia karata isiyo yenyewe, kwa umakini mkubwa kabisa. Yule aliyeshinda elfu ishirini mbele yako ni mwenzao. Anayekunong'oneza kwamba kona ya nyekundu imekunjwa ni mwenzao. Anayepiga kelele "polisi!" ukitaka kudai chako, naye ni mwenzao. Wewe peke yako ndiye mteja. Mdogo wangu alikaa pale akiwa na ada ya muhula, na simulizi hiyo inaishia hapo.

Kwa hiyo nawaonyesha vijana hatua kwa hatua, kwa karata zangu, juu ya meza yangu, na njugu badala ya pesa. Hakuna hata mmoja aliyemaliza na njugu.

Mnaweza kuzidisha pesa? Kunipatia namba za mkeka?

Hapana.

Naweza kutumia mazingaombwe kumuumbua mganga tapeli?

Naelewa hasira yako. Kanda yetu hii tunawajua lambalamba, wanaoingia kijijini, wakachimba sebuleni kwa mtu na kutoa pembe au chupa yenye nywele. Mtu anayejua kubana kitu kiganjani akitazama hiyo shughuli anajua mkono uliingia shimoni ukiwa na nini. Lakini usisimame katikati ya umati wenye hofu ukapiga kelele. Umati hauji kujifunza, na anayeweza kuumia ni wewe, au yule mzee ambaye pembe "imetolewa" kwake. Muone mtendaji, waone polisi. Fundisha kabla, si siku hiyo.

Na kuna tahadhari nyingine. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe wake mkubwa, Robert-Houdin, fundi saa kutoka Blois, akawatishe wenyeji wasiwasikilize viongozi wao wa dini. Alikuwa na kasha dogo lenye chuma chini, na sumaku ya umeme imefichwa jukwaani. Mtoto analinyanyua, kisha umeme unawashwa na mwanamume mwenye misuli anashindwa. Vitabu vingi vinasimulia kama kisa cha kuchekesha. Mimi sicheki. Ni fani hiihii, vidole hivihivi na sumaku, imegeuzwa fimbo ya kutawalia watu. Ukimwonyesha mtu ili umdhalilishe, hata kama anastahili, umeshasogea upande huo.

Viwembe, moto, kujichoma?

Hatufundishi, hatuonyeshi, na hatujadili mbele ya watoto. Walioniona mimi nikiwa mdogo nikijaribu kutafuna kiwembe chenye kutu wanajua sababu.

Mimi ni mwalimu, nataka kufundisha darasani kwangu. Nifanyeje?

Kwanza, usimfundishe mtoto mchezo ambao hajauona ukimshinda. Onyesha leo, waache walale nao. Kesho watakuja na maelezo yao, mengine bora kuliko siri yenyewe. Binti mmoja alinieleza njia ya kupitisha uzi kwenye pete ambayo mimi sikuijua, akidhani ananitajia yangu. Nimeichukua, naitumia mpaka leo.

Pili, fundisha mchezo mmoja kwa mwezi. Hapa ndipo walimu wengi wanapotea, nami nilipotea. Mwaka wangu wa kwanza niliwamwagia michezo kumi na minne kwa wiki nane. Walijua yote na hawakuweza kuonyesha hata mmoja. Sasa mtoto anayetaka mchezo wa pili lazima kwanza auonyeshe wa kwanza kwa watu watatu wa nyumbani kwao, na mmoja awe mtu mzima. Watu wa nyumbani ndio wagumu. Hawakupigii makofi, wanakutuma dukani katikati ya mchezo.

Tatu, maneno. Mtoto akiweza vidole lakini amenyamaza, ni kama zeze lisilo na nyuzi. Mpe nafasi atunge maneno yake, kwa Kiswahili chake, au aanze na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kama hadhira ni ya nyumbani Ugogoni. Mmoja wetu anahadithia sarafu kama mbuzi anayetoroka zizini, kila ikipotea anaiita kwa mluzi. Vidole vyake ni vya wastani. Watu wanamtaka yeye kuliko wote.

Na darasa kubwa ukiligawa mawili mawili, mmoja afanye na mwingine awe jicho, utapumzika koo. Jicho halisemi "nimekuona." Linasema limeona nini na wapi: "gumba lilinyanyuka." Hukumu haimsaidii mtoto. Habari inamsaidia.

Siri ziko kwenye mtandao, kwa nini mnatukataza kuzisema?

Sikatazi kujifunza, nakataza kubweka. Mtu ameshangaa, macho yake yamefunguka, wewe unamwambia "si nimeificha hapa!" Umemnyang'anya kitu na hujampa kingine. Akitaka kujua kweli, mlete Jumamosi. Na usirudie mchezo uleule mbele ya watu walewale jioni moja, hata wakikubembeleza. Mara ya kwanza walikuwa wanatazama hadithi. Mara ya pili watatazama mikono.

Kuna riziki?

Kidogo. Sherehe za watoto, shule zikifunga, mara chache harusi ambayo MC anataka kupumzika. Usiache kazi. Chukua malipo ya awali.

Ada ni kiasi gani?

Bure. Lete sarafu nne zinazofanana na pakiti ya karata, basi.

Na wewe mwalimu, umeshawahi kukamatwa?

Mara nyingi. Ila moja ndiyo ninayoisimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeshajiona nimeiva, nikaenda Bahi kumsalimia bibi. Akanituma dukani, nikarudi, nikamkuta amekaa kwenye kigoda anapepeta karanga. Nikachukua sarafu, nikaimwaga mkono wa kushoto, nikafunga, nikasugua, nikafungua. Patupu. Wajomba wakashangilia. Bibi hakuinua hata ungo.

"Mjukuu wangu," akasema, "huo mkono wa kulia mbona umelala hivyo? Umeumia?"

Nikamuuliza ameonaje, maana kila mtu alikuwa anatazama wa kushoto. Akaniambia hakuwa anatazama mchezo. Alikuwa anasubiri chenji yake.